Bujumbura kwa Magurudumu Matatu

Ndugu msomaji, leo naomba tuviweke kando vifungu vya katiba na taratibu za uchaguzi, tupande tuktuk. Jirani zetu wa Tanzania huiita bajaji. Sisi wa Bujumbura tumeipa jina la mlio wake. Nitakuzungusha mjini kwetu kwa magurudumu matatu, kuanzia Buyenzi hadi Mugere, na tutakapofika huko nitakuungamia kosa nililolifundisha darasani kwa miaka minne na kulitetea kwa wino mwekundu.

Ilikuwa Agosti 2021, katika likizo kuu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuja kunitembelea kutoka kilimani kwao mkoani Karusi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na ziwa Tanganyika alikuwa amelijua kwenye ramani ya darasani tu. Usiku wa kwanza aliniambia kwa Kirundi: “Marume,” yaani mjomba, “kesho unionyeshe mji.” Nikamwitikia upesi. Nilipokwenda kulala ndipo nilipoanza kujiuliza nitamwonyesha nini. Nimezaliwa Bujumbura, nimesoma hapa, nafundisha hapa. Lakini mji huu nilikuwa nikiujua kama njia ya kwendea kazini na kurudia nyumbani. Kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, ambaye jina lake naliandika ubaoni kila mwaka, sikuwahi kulifikia. Jiwe la Mugere, ambalo nililitungia kifungu cha ufahamu, nilikuwa nimeliona kwenye picha.

Asubuhi nilikwenda kwa mzee mmoja wa mtaa wetu mwenye tuktuk. Teksi ingenishinda bei, na basi dogo halisimami pale abiria anapotaka kutazama. Tulipatana faranga elfu arobaini kwa siku nzima. Mzee alikuwa ameipamba tuktuk yake kama bibi harusi: nyuzi nyekundu zikining’inia mbele ya kioo, na nyuma maneno meupe yaliyoandikwa kwa mkono, “Haraka ya nini?” Mpwa wangu aliyasoma, akacheka, akauliza kama kweli tutafika. “Tutafika, binti yangu,” mzee akamjibu, “na utakuwa umeona.”

Tulianza na Buyenzi. Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi mahali hapa mwaka 1897, mji ukiitwa Usumbura, walifuatana na kufuatiwa na wafanyabiashara, askari, wapagazi na mabaharia kutoka Ujiji, Manyema na kwingineko. Kiswahili kikawa lugha ya watu hao, na Buyenzi ikawa makao yao. Hata Wabelgiji walipouteka mji mwaka 1916, lugha ile haikuhama. Mimi ninayekula mkate wa kufundisha Kiswahili nina deni kwa mtaa huu. Mzee alituendesha polepole kati ya gereji na misikiti, akimwonyesha mpwa wangu barabara zetu ambazo hazina majina bali zina namba. Mtoto akauliza kwa nini. Nilikuwa ninatafuta jibu la kitaalamu, mzee akanitangulia: “Majina hubadilika wakubwa wakibadilika. Namba saba itabaki saba.”

Hapo ndipo nilipoanza kuiona faida ya chombo kile. Tuktuk haina vioo vya kufunga wala kiyoyozi. Anayepita kando yako ana kimo sawa na chako, na mwendo wenu haupishani sana. Mama aliyebeba ndagala alimsalimu mzee bila kusimama. Fundi aliyelala chini ya gari alitoa mkono akapunga. Nilikuwa nimepita barabara hizo maelfu ya mara ndani ya basi, nikitazama saa yangu, na salamu hizo sikuwahi kuziona.

Tulipoingia katikati ya mji tuliifuata barabara kuu yenye jina la Rwagasore mpaka mahali lilipokuwa soko kuu. Mzee alisimamisha tuktuk bila kuombwa. Soko lile liliteketea Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013. Nilikuwa mwalimu mpya mwaka huo, na wiki iliyofuata madawati kadhaa ya darasa langu yalikuwa matupu, kwa kuwa wazazi waliokuwa na meza zao pale walikuwa hawajui watoto watakula nini, sembuse karo. Mpwa wangu alitazama uzio, akauliza moto ulianzia wapi. Mimi na mzee tulitazamana. “Aliyepoteza mali humu,” mzee akasema, “hataki hadithi ya moto. Anataka kujua lini atarudishiwa mahali pa kuuzia.” Kisha akawasha injini. Nimefundisha somo la haki na wajibu mara nyingi, ndugu msomaji. Sikumbuki kama niliwahi kulieleza kwa sentensi fupi kama hiyo.

Njia ya kupanda Vugizo, kilima alikozikwa Rwagasore, iliishinda tuktuk. Injini iliguna, ikakohoa, ikaanza kurudi nyuma. Tukashuka mimi na mpwa wangu, tukasukuma kidogo, halafu tukaamua kutembea. Mzee alikuwa anacheka: “Hapa ndivyo inavyofaa. Kwa Rwagasore mtu hapandi amekaa.” Tulipofika juu alivua kofia yake, nasi tukanyamaza.

Vijana wasomao ukurasa huu wanajua habari hii, lakini haichoshi kuirudia. Rwagasore alizaliwa mwaka 1932, mwana wa Mfalme Mwambutsa. Kabla ya siasa za uhuru kupamba moto, alijaribu kuwaunganisha wafanyabiashara wadogo katika ushirika, na miongoni mwa waliomwunga mkono tangu mapema ni Waswahili wa mitaa ya Usumbura. Chama chake, UPRONA, kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo, akiwa waziri mkuu kwa majuma mawili tu, alipigwa risasi katika hoteli moja kando ya ziwa. Uhuru ulipofika, tarehe 1 Julai 1962, yeye alikuwa amelala kilimani. Alikuwa na umri wa miaka 29.

“Miaka 29?” mpwa wangu alishtuka. “Marume, wewe umemzidi!” Ni kweli. Nilikuwa nimemzidi kwa miaka mitano, na katika miaka hiyo yote nilikuwa sijapata nusu siku ya kupanda kilima ambacho ninakiona kutoka dirisha la darasa langu. Kutoka pale juu mji wote ulikuwa chini yetu, na nyuma yake ziwa. Milima ya Kongo ng’ambo ilikuwa imefichwa na ukungu wa kiangazi. Mpwa wangu alidhani ziwa halina mwisho, na kwa dakika chache nilimwachia raha ya kudhani hivyo.

Tulishuka, tukaelekea kusini kwa barabara ya Rumonge. Ziwa lilikuwa mkono wa kulia, vilima mkono wa kushoto. Malori yalitupita yakituyumbisha, na mpwa wangu akaushika mkono wangu kila lilipopita moja. Kilomita kumi na kitu nje ya mji, mahali paitwapo Mugere, tukafika kwenye lile jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871.

Nilijisafisha koo. Hapa nilikuwa kwenye uwanja wangu. Nilimweleza mpwa wangu, kwa sauti ya darasani, kwamba mwandishi wa gazeti aitwaye Henry Morton Stanley alitumwa kumtafuta mmisionari na mpelelezi David Livingstone, ambaye habari zake zilikuwa zimepotea huko Ulaya. Na kwamba baada ya safari ndefu alimkuta hapa, mbele ya jiwe hili, akamsalimu kwa maneno yaliyokuja kuwa maarufu duniani.

Mzee alikuwa ameegemea tuktuk akifuta jasho. Akasubiri nimalize. “Mwalimu,” akasema kwa upole, “nisamehe. Hapa walilala. Walikutana Ujiji. Mama yangu ni mzaliwa wa Ujiji. Kule hata mtoto mdogo atakuonyesha mahali penyewe.”

Nilicheka kama anavyocheka mtu mzima anayesahihishwa mbele ya mtoto. Nikasema kwamba kila mji hupenda kujivutia sifa. Mzee hakubishana. Alimnunulia mpwa wangu muhindi wa kuchoma, akatuambia jua linashuka. Njiani kurudi, hata hivyo, sikuona kitu. Nilikuwa ninamfikiria kijana mmoja.

Miaka minne kabla ya siku ile nilitunga kifungu cha ufahamu juu ya jiwe la Mugere. Kilikuwa na aya tano na maswali sita, na nilikitumia kila mwaka kwa kuwa kilihusu nchi yetu na wanafunzi walikipenda. Swali la 4 liliuliza Stanley alimkuta Livingstone wapi, na jibu langu lilikuwa Mugere. Mwaka wa kwanza mwanafunzi mmoja wa Buyenzi aliandika Ujiji. Nilimwekea alama ya kosa. Alinifuata mezani akiwa na karatasi yake, akasema bibi yake, aliyezaliwa Ujiji, alimweleza hivyo. Nilimjibu, na wenzake wakasikia: “Katika mtihani tunajibu kwa kufuata kifungu, si kwa kufuata bibi.” Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka.

Usiku ule nilisoma mpaka saa saba. Mzee alikuwa amesema kweli, na kitabu cha Stanley mwenyewe kinamshuhudia. Walikutana Ujiji, kwa hesabu yake tarehe 10 Novemba 1871. Baada ya siku chache walipanda mtumbwi pamoja kuelekea kaskazini mwa ziwa, na katika safari hiyo ndipo walipopumzika Mugere kwa mausiku mawili. Shabaha yao ilikuwa mto Rusizi. Mabwana wa Ulaya walikuwa wakibishana kama mto huo unatoka ziwani kwenda kuulisha Nile, au unaingia ziwani. Wawili hao walifika mdomoni mwake, wakaona kwa macho yao kwamba unaingia. Ubishi ukapungua.

Lakini kuna jambo jingine lililoniweka macho, ndugu msomaji. Mwaka 1858, miaka 13 kabla yao, Burton na Speke walifika Uvira, ng’ambo yetu, wakawauliza wenyeji swali lilelile. Wenyeji walijibu bila kusita: Rusizi unaingia ziwani. Wangeshindwaje kujua, hali walikuwa wakivua samaki na kuvuka humo kila siku? Hata hivyo mjadala uliendelea huko mbali kwa miaka mingine 13, mpaka wageni wengine wakaja kutazama. Jibu lilikuwepo. Lililokosekana ni mtu wa kulipa uzito neno la mvuvi. Nilikaa na taa yangu, nikaona kwamba nilikuwa nimemtendea bibi wa Ujiji vilevile, tena mimi si mgeni.

Shule zilipofunguliwa Septemba nilileta kifungu kile darasani, nikakisoma, kisha nikawaambia wanafunzi kwamba kina kosa na kwamba kosa ni langu. Niliogopa watanidharau. Badala yake kimya kilitanda, halafu msichana wa mbele akauliza: “Mwalimu, nani alikuambia?” Nikamjibu: dereva wa tuktuk. Kutoka siku hiyo waliniuliza maswali ambayo zamani walikuwa wakiyameza.

Machi 2022 ikaja amri ya kuzuia baiskeli, pikipiki na tuktuk kuingia katikati ya jiji na katika mitaa kadhaa inayolizunguka, na sababu iliyotajwa ilikuwa kupunguza ajali. Ziara yetu ya Agosti isingewezekana tena kwa njia ileile. Mzee alihamishia kazi yake pembezoni, upande wa kusini. Nilipokwenda kumsalimu alikuwa amelala kwenye kiti cha abiria, kofia usoni, akisubiri wateja.

Wanafunzi walitaka tujadili amri hiyo, na walikuwa wamekwisha kugawanyika: hawa wanasema ni dhuluma, wale wanasema ni usalama. Zamani ningewaacha wabishane kwa ufasaha, nikatoa alama kwa methali na misemo. Safari hii niliwazuia. Niliwaambia kwamba hakuna atakayesimama kusema kabla hajawauliza watu watatu: dereva mmoja, abiria mmoja, na mtu mmoja aliyewahi kujeruhiwa barabarani au aliyemuuguza majeruhi. Walirudi baada ya wiki wakiwa wapole zaidi. Kijana aliyekuwa mkali wa kutetea madereva alikuwa amekutana na mama ambaye mwanawe alivunjwa mguu na pikipiki iliyopita kwa kasi njia isiyo yake. Msichana aliyetetea amri alikuwa amezungumza na kijana mwenye mkopo wa pikipiki ambao bado anaulipa, kazi ikiwa imepungua. Hawakukubaliana, lakini wakaandika pamoja mapendekezo: vituo maalumu, mafunzo na leseni, muda wa kumaliza mikopo. Huo ndio uraia ninaoufahamu, ndugu msomaji: kubeba neno la mwingine bila kulikunja ndipo uweke lako juu yake.

Nilipokuwa ninawasahihishia kazi hiyo ndipo deni langu liliponisimamia. Niliwatuma watoto kwa watu, na mimi mwenyewe nilikuwa sijaenda kwa yule mmoja. Nikaulizia Buyenzi. Nilimpata gereji, sasa ni fundi, mikono imejaa grisi, akanipa kiwiko badala ya kiganja kama adabu inavyotaka. Nikamweleza: swali la 4, Ujiji, ulikuwa sahihi, nakuomba radhi. Alifikiri kidogo kabla ya kukumbuka. Kisha akatabasamu.

“Mwalimu, usijali. Mwisho wa muhula swali lilirudi, nikaandika Mugere. Nilipata alama zote.”

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayenifariji. Hilo ndilo lililonichoma. Kijana alikuwa anaijua kweli, akajifunza kwangu kwamba kweli yake haina soko, akaandika uongo wangu, nami nikampongeza. Ukitaka kujua jinsi nchi inavyopata watu wazima wanaonyamaza kwenye mkutano wa mtaa huku wanajua bomba limepasukia wapi, na fedha za daraja zimekwenda wapi, basi usitazame mbali. Anza na karatasi ya ufahamu.

Alinipeleka kwa bibi yake, kwa sababu alisema salamu hiyo si ya kutumwa. Bibi alikuwa amekaa barazani akichambua mchele. Nilimwamkia shikamoo, nikaketi mkekani, nikamweleza habari yote, tangu tuktuk mpaka wino mwekundu. Alinisikiliza bila kuacha kuchambua. Nilipomaliza nikangoja anisamehe au anicheke. Akauliza swali moja tu:

“Na wale wengine?”

Sikumwelewa mara moja. Akafafanua: wale wengine wote uliowafundisha miaka hiyo, umewaambia?

Ndiyo maana leo umepanda nami tuktuk, ndugu msomaji. Kama huna safari nyingine Jumamosi hii, mtafute mtu anayeujua mtaa wako kwa kuufanyia kazi, awe dereva, mvuvi, mzoa taka au muuza ndagala, uzunguke naye polepole, na umwache amalize sentensi yake. Hiyo ndiyo kazi ya nyumbani kwa wasomaji wote.

Na kama uliketi katika darasa langu kati ya 2017 na 2021, una kazi ya ziada. Litafute daftari lako. Jibu la swali la 4 ni Ujiji. Mugere walilala mausiku mawili. Ulipoandika Ujiji nikakukosesha, jiongezee alama zako, nami nakuomba radhi.